Marudio ya Rosa Mistika

Wiki iliyopita kijana mmoja wa karasha alikuja dukani kwangu kutoa hela, akanikuta nimeinamia kitabu. Akasubiri kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, shikamoo. Kitabu hichohicho tangu mwezi wa pili? Hakiishi?" Nikamwambia kilishaisha zamani, hii ni mara ya nne. Akawageukia wenzake waliokaa kwenye benchi: "Kumbe Mwalimu anachenjua marudio!"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini neno lile limenikaa kichwani.

Kwa msomaji asiyekaa huku: Nyarugusu ninayoisema ni ya Geita, si ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi, ingawa kila nikitaja ninapoishi kuna mtu wa Dar atanipa pole. Huku tunachimba dhahabu. Mawe yakitoka duarani yanapasuliwa, yanasagwa, unga wake unaoshwa mwaloni kwenye ubao uliotandikwa magunia, halafu zebaki inakamata kile inachoweza kukamata. Mchanga unaobaki haumwagwi. Huo ndio marudio. Mara nyingi mwenye mwalo hubaki nao, anaurundika, na ukifika wa kutosha unapelekwa kwenye matangi ya sianidi. Hapo hutoka dhahabu ambayo mchimbaji wa kwanza, yule aliyeshuka shimoni kwa kamba, hakuiona kabisa. Kuna watu wamejenga nyumba kwa marudio ya wenzao.

Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Na kabla sijaendelea niseme kwamba mimi si mwalimu. Sijawahi kufundisha hata darasa moja. Nina duka la madaftari, kalamu na miamala ya simu, navaa miwani, na kati ya mteja na mteja nasoma riwaya. Kwa Nyarugusu hayo yanatosha kukupa cheo.

Mara ya kwanza kuisoma Rosa Mistika nilikuwa kidato cha tatu, 1993, shule ya bweni. Ilikuwa nakala moja kwa bweni zima. Haikuwa na jalada, na ukiiachia mkononi ilifunguka yenyewe kwenye kurasa zilezile. Tulichojua ni kwamba kitabu kilitoka 1971 na kwamba kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Kwa mvulana wa miaka 16 hakuna utangulizi mzuri kuliko huo. Zamu yangu ilikuwa usiku mmoja, kwa tochi, na asubuhi nikikabidhi kwa anayefuata. Kwa hiyo niliisoma kama mtu anayekimbia mvua. Niliruka mama mtu, niliruka wadogo zake, niliruka kila palipokuwa na mtu anayetafakari jambo. Nilimtaka Rosa tu, na katika kumtaka huko nikajiona mimi ndiye Charles, kijana wa barua. Mwisho wa kitabu ulinikera. Nilihisi nimeibiwa bibi harusi.

Mara ya pili ilikuwa 1997, kidato cha sita, na safari hii kwa kalamu nyekundu. Waliosoma Kiswahili enzi hizo mnaijua ibada ile: fani upande huu, maudhui upande ule. Dhamira. Ujumbe. Falsafa ya mwandishi. Jedwali la wahusika, kila mmoja na sifa zake tatu, kama vile yuko kituo cha polisi anaandikishwa. Zakaria: mlevi, mkali, mzazi asiyefaa. Regina: mvumilivu. Rosa: mwathirika wa malezi. Charles: kijana aliyedanganywa. Niliandika insha, nikapata alama nzuri, na nikaweka kitabu chini nikiamini tumemalizana.

Siwalaumu sana waliotufundisha hivyo. Darasa likiwa na watu wengi na vitabu vitatu, jedwali ndilo linalowezekana. Na kusema kweli lilinipa macho fulani. Mpaka leo nikisoma riwaya najua kuuliza nani anasimulia na anasimama wapi. Tatizo ni kwamba jedwali linakuambia kitabu kina jibu, na ukishalipata huna sababu ya kurudi. Nani anarudi kwenye mtihani aliofaulu? Nawajua watu wenye shahada ambao hawajafungua riwaya ya Kiswahili tangu siku waliyotoka chumba cha mtihani, na ukiwauliza kuhusu Kusadikika watakutajia dhamira zake nne bila kukwama, kama mtu anayesoma vipimo vya maabara.

Raha ya kurudia vitabu niliijua baadaye, na kilichonifundisha ni Bwana Msa. Nilipokuja Nyarugusu niliingia shimoni miezi michache, nikaona sina kifua cha kazi ile, nikaanza kwenda Mwanza kuleta bidhaa ndogondogo. Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, kusubiri kivuko lilikuwa jambo la saa nzima, wakati mwingine zaidi. Kwenye begi nilikuwa na kitabu kimoja tu, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, nakala niliyoinunua kwa mtu wa mitumba barabarani. Nilikimaliza safari ya kwanza. Safari ya pili sikuwa na kingine, nikaanza upya.

Sasa hebu fikiri: hadithi ya upelelezi, na muuaji ninamjua. Nini kimebaki? Kilichobaki ni maongezi. Bwana Msa anajaza kiko chake, Najum hajui hili wala lile na anauliza kile ambacho wewe na mimi tungeuliza, Inspekta Seif ana haraka, na Kiswahili cha Unguja kinatembea humo ndani kama mtu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi. Safari ya kwanza nilikuwa namvuta Bwana Msa mkono aseme muuaji ni nani. Safari ya pili nilitamani anyamaze aendelee kuvuta kiko. Kitabu hicho kilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya hamsini na kikatoka 1960, na nadhani waliokipa ushindi walikuwa wamefurahia sauti ya mtu yule kuliko fumbo lenyewe.

Si kila kitabu kinavumilia. Siku ya Watenzi Wote nimejaribu mara tatu, kwa heshima zote kwa Shaaban Robert, na kila mara nakwama kwenye hotuba. Watu wake ni wema mno, na wema wao wameuandaa tangu jana usiku. Njoo kwenye Adili na Nduguze, ambako kuna majini, nyani na mjeledi, mzee yuleyule anakushika huwezi kutoka. Kwa hiyo jina kubwa la mwandishi halinihakikishii kitu. Yapo marudio ambayo ukiyachenjua unapata mchanga.

Nirudi kwa Rosa. Mara ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya, na si hadithi ninayopenda kuisimulia.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, alikuja dukani kijana nisiyemjua, mgeni wa plant moja huku juu. Alitaka kuweka elfu 15 kwenye namba. Akaitaja, nikaibonyeza, na kwenye simu likatokea jina la mke wangu.

Ile laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mke wangu, lakini anayeitumia ni binti yetu mkubwa, yupo kidato cha tatu. Kijana hakujua anaongea na nani. Akaniuliza, "Jina limekuja sawa, mzee?" Nikasema limekuja sawa. Nikakamilisha muamala. Kamisheni yangu niliipata. Nilifunga duka kabla ya magharibi, nikaenda nyumbani, nikachukua ile simu, nikasoma kila kilichokuwemo, halafu nikamchapa mtoto. Sitaandika fimbo ngapi. Mama yake alisimama mlangoni. Wadogo zake wawili walikuwa wameketi kwenye mkeka na madaftari yao, na hakuna aliyewaambia watoke.

Siku mbili baadaye niko dukani, hakuna mteja, umeme umekatika, makarasha yamenyamaza, na mkono ukaenda kwenye rafu kama kawaida yake. Sikuchagua. Nilifungua mwanzo wa Rosa Mistika, na nikakutana na Zakaria ameshika barua ya Charles, anampiga binti yake.

Niliufunga mlango wa duka nikiwa ndani.

Mtihani ulikuwa umenifundisha kwamba Zakaria ni mlevi. Na mimi sinywi. Kwa miaka karibu 30 hiyo ndiyo ilikuwa kinga yangu. Nilikuwa nimemweka yule baba kwenye kundi la watu ambao siwezi kuwa. Sasa jaribu kitu kimoja unaposoma: toa pombe yote kwenye eneo lile la mwanzo. Zakaria awe mtu wa kanisani, mtu wa chai. Kipigo kinabaki palepale. Pombe inaeleza mengi katika nyumba ile, inaeleza umaskini na uchovu wa Regina, lakini haielezi barua. Barua inaelezwa na hofu. Zakaria anaogopa kitu ambacho hajui kukisema, na kwa kuwa hajui kukisema anakipiga. Na kwa kuwa amekipiga, Rosa naye anajifunza kutokukisema. Atakwenda shuleni Mwanza akiwakwepa wavulana kama moto, na watu watadhani ni adabu. Kezilahabi anaiweka hofu hiyo mwanzoni kabisa na haiachi. Inabadilika sura tu, kutoka kukwepa mpaka kujitupa.

Hilo sikuliona mara mbili zote za kwanza, na halikuwa limefichwa. Kilichobadilika ni mahali nilipokaa. Mara ya kwanza nilikaa na Charles, mara ya pili nilikaa na mtahini, mara ya tatu kiti kilichobaki wazi kilikuwa cha Zakaria.

Na nikiwa pale nikamwona Charles upya, mwenzangu wa zamani. Jamani, Charles! Ndiye aliyeandika barua. Rosa alipigwa kwa ajili yake. Miaka inapita, anarudi mtu mzima, anachumbia, na anapogundua kwamba Rosa si bikira anamwacha, na hapo ndipo Rosa anapojimaliza. Sisi tulimwandika "kijana aliyedanganywa". Baba na mchumba wamesimama kwenye milango miwili ya maisha ya msichana mmoja, mmoja mwanzoni mwingine mwishoni, na wote wawili wanapima kitu kilekile. Tofauti ni kwamba Zakaria ana fimbo na Charles ana heshima zake. Siku hizi nikiulizwa nani mbaya zaidi kwenye riwaya ile, sisiti: ni yule mwenye heshima. Zakaria angalau anajulikana na kijiji kizima kwamba ni tatizo.

Sisemi kitabu hakina kasoro. Kinapofika Morogoro kinaanza kukimbia. Wanaume wanampitia Rosa mmoja baada ya mwingine kama madeni kwenye daftari la duka, na kwa kurasa nyingi tunajua alichofanya bila kujua alichowaza. Pale nadhani Kezilahabi, aliyekuwa kijana wa miaka 20 na kitu, alikuwa bado hajui jinsi ya kukaa ndani ya kichwa cha msichana, akaamua kutaja matukio. Alikuja kujifunza kukaa ndani ya vichwa vya watu, Kichwamaji ni ushahidi, ila huko vichwa vingi ni vya wanaume. Hili nalisema kama mtu anayekipenda kitabu. Kasoro ya kitabu unachokipenda unaijua kama unavyojua hatua bovu kwenye ngazi yako. Unaruka bila kutazama.

Ila kuna sehemu niliyokuwa naiona kasoro na sasa naitetea. Ni ile kesi ya mbinguni mwishoni, baba na binti wakisimama mbele ya Mungu. Kidato cha sita tuliicheka. Tulisema mwandishi alikosa namna ya kumaliza. Lakini hebu niambie, ni baraza gani la duniani lingewakalisha Zakaria na Rosa benchi moja, baba ajieleze na mtoto naye asikilizwe? Kwa Rosa halikuwepo. Mwandishi ilibidi aende mbali kote huko kulitafuta.

Nilipofika hapo nikakumbuka kwamba kuna mtu wa kisiwa hichohicho aliyekuwa na baraza karibu zaidi. Au niseme, sikukumbuka mimi. Alikumbuka mke wangu.

Mke wangu ni Mkerewe. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, 1944, na ndipo alipomweka Rosa na familia yake. Kwa mke wangu hayo ni majirani. Lakini kitabu chake hasa ni kile cha mzee Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Jina refu, na kitabu nacho kinene. Sisi wawili tumekuwa tukikisoma kwa sauti usiku, vipande vipande, kwa miaka sasa. Hatufuati mpangilio. Yeye husema, "Leo pale pa fulani," nami natafuta. Yeye ndiye anayenisahihisha majina, maana Kisukuma changu kinayaburuza.

Wasiokijua: Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno. Wazazi wa Bugonoka wanasikia binti yao anavyosemwa, wanakuja kumchukua. Myombekere anabaki na nyumba tupu, na inabidi aende ukweni kumwomba mkewe. Huko anawekwa kikao, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Kisha unafuata utengenezaji wa ile pombe, hatua kwa hatua, na marafiki wanaokuja kusaidia, na salamu zao zote, kamili, pande zote mbili. Mtu wa kusoma kwa haraka ataomba dua. Nilikishika mara ya kwanza nikiwa bado na mbio za bwenini, nikakiacha kabla hata pombe haijaiva.

Kitereza alikimaliza kitabu hicho 1945 kwa Kikerewe. Hakuna aliyekichapisha. Akaja kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee, kikatoka 1980 kwa Tanzania Publishing House, na yeye akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia. Baadaye kikaenda kwa Kijerumani, na 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe. Kitereza na mkewe Anna watoto wao walifariki wakiwa wadogo. Ukishalijua hilo, zile kurasa ndefu za mume na mke wasio na mtoto wakipikiana, wakitaniana, wakisubiriana, huwezi tena kuziita ndefu. Nani angekuwa na haraka ya kuzimaliza?

Basi, usiku wa siku ile niliyojifungia dukani, nilirudi nyumbani nikakuta binti kashalala, au kajilaza. Mke wangu alikuwa hajaniambia neno juu ya fimbo tangu zilipotokea. Baada ya kula akasema, "Leo tusome pale anapokwenda ukweni."

Nikawasha taa ya sola nikatafuta. Nikasoma kikao chote, maswali ya wakwe na majibu ya Myombekere, mpaka faini. Akasikiliza akiwa anachambua mchele. Nilipomaliza alisema, "Ahsante," akaenda kulala. Kifungu kile nimekisoma labda mara tano maishani, na nne kati ya hizo tulicheka, kwa sababu kweli kinachekesha: dume zima limekaa ukweni kama mwanafunzi aliyechelewa kipindi. Mara hii hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo siwezi kuzisoma riwaya hizi mbili bila kuzikalisha pamoja. Kisiwa ni kimoja. Kwa Kitereza, aliyesimulia enzi za zamani kabla ya wakoloni, kosa la nyumbani linatoka nje, linakalishwa, linaulizwa, linapewa bei, na bei inalipwa kwa jasho mbele za watu. Kwa Kezilahabi kosa linabaki ndani ya nyumba kati ya fimbo na mgongo, mpaka lifike mbinguni. Sitaki kuipamba zamani. Bugonoka naye anasemwa na kudharauliwa kwa tumbo lake, na kikao kile ni cha wanaume zaidi kuliko cha wote. Kitereza hafichi hilo. Lakini kwake mtu anaweza kukosea akaambiwa namna ya kulipa. Zakaria hakuna aliyemwambia.

Asubuhi iliyofuata nilimwita binti yangu uani, nikamwambia nimekosa, anitoze faini. Alinitazama kama anayeogopa mtego. Alikaa kimya siku sita. Siku ya saba akaja dukani akitoka shule, akasema faini yake ni mbili: simu nisiishike tena bila kumwambia, na anataka kitabu ninachosoma.

La kwanza nilikubali palepale. La pili, wallahi, nilisita. Kuna mimba zinazotolewa mle, kuna mkuu wa chuo, kuna ule mwisho. Nikajiona nakaribia kuipiga marufuku Rosa Mistika kwa mara nyingine, hapa Nyarugusu, kaunta ya miamala. Nikampa.

Alikaa nacho siku nne. Alikirudisha na kukiweka juu ya daftari la hesabu, nikamuuliza amekionaje. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote kuhusu Zakaria. Nilikuwa nimejiandaa hata kumweleza habari za Charles, maana niliona nimegundua jambo. Akasema, "Baba, wadogo zake siku ile walikuwa wapi?"

Nikasema, "Wadogo zake nani?"

"Rosa. Kina Flora. Siku anapigwa. Walikuwa wapi, na baada ya hapo walifikiria nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekisoma mara tatu. Ningeweza kumtajia majina yao kwa mpangilio, Flora, Honorata, Stella, Sperantia na mdogo wao wa kiume, kwa sababu mtihani ulitaka majina. Lakini sikuwahi kumfuata hata mmoja wao kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Nilipotazama mlangoni, mdogo wake wa mwisho alikuwa amesimama na begi la shule mgongoni, anamsubiri waende nyumbani.

Ndiyo hii mara ya nne iliyomshangaza kijana wa karasha. Naenda taratibu kwa sababu nasoma kwa penseli, na kila mmoja wa wale wadogo akionekana, hata kama ni kwa kupita tu na ndoo, naweka alama pembeni. Ni usomaji wa ajabu. Riwaya niliyodhani naijua yote imejaa watu walioegemea kuta. Baadhi ya kurasa hawapo kabisa, na hapo naweka alama nyingine, ya kwamba hawapo. Tukiwa kwenye kurasa za Morogoro, kwa mfano, nimeanza kujiuliza habari gani zinafika Namagondo, na nani anazisikia akiwa amelala macho. Kitabu kinasema kidogo sana juu ya hilo. Lakini sasa nikiruka kutoka aya moja hadi nyingine najua kwamba nimeruka mtu.

Raha? Ndiyo, naiita raha. Mke wangu hapendi neno hilo kwa kitabu kile. Yeye raha yake ni Myombekere na mitungi yake. Lakini ninapofungua duka asubuhi na kujua kwamba kuna kurasa 15 zinanisubiri kabla wachimbaji hawajaamka, kurasa ambazo maneno yake karibu nayajua, sina neno jingine.

Yule kijana wa karasha alirudi jana. Aliweka hela, akachungulia penseli yangu, akauliza kama marudio yametoa kitu. Nikamwambia bado yanatoa. Akatikisa kichwa, kama mtu wa kazi anayeijua kazi yake: mchanga, akasema, unachenjuliwa mara moja, mara mbili kwa bahati, baada ya hapo sianidi haina cha kula. Nikamwonyesha ukurasa wenye alama. Alama tatu ni zangu. Ya nne, yenye wino wa bluu, kando ya jina la Stella, si yangu, na mpaka leo sijamuuliza mwenyewe ameiweka lini.

"Huyo Stella ni nani?" akauliza.

Nikamwambia avute benchi.